Kutu Kwenye Randa ya Mbaruku

Siku ile jua lilifika saa nne likakataa kuendelea. Hakuna aliyeshangaa. Mji ule ulikuwa na tabia hiyo tangu saa kubwa ya sokoni ilipoteremshwa ikapelekwa kutengenezwa na isirudi, na watu walikwisha kuzoea kupika chakula cha mchana mara mbili, au kutokukipika kabisa, kutegemea jua limeamkaje. Sikudhani alitoka jikoni kanga imefungwa kiunoni, mkononi ndoo ya plastiki, na ndani ya ndoo chupa mbili za siki, brashi ya waya, tupa, kopo la mafuta ya cherehani na vipande vya msasa alivyovifunga kwa gazeti. Alivuka ua mpaka mbele ya banda la useremala, akasimama.

Hakuwa ameingia humo tangu Mbaruku, mwanawe, aondoke.

Tangu lini? Hapo ndipo watu wa mji ule walipokwama siku zote. Bi Tatu, jirani yake, angekwambia ni miaka saba, maana wakati ule alikuwa bado ana meno yake yote. Muuza mkaa angeapa ni Jumanne iliyopita, kwa sababu alipishana na Mbaruku kichochoroni wakasalimiana. Sikudhani mwenyewe alijaribu kuhesabu kwa misimu ya mvua, akaacha alipogundua kwamba kuna mvua moja iliyonyesha mara tatu, tone kwa tone ileile. Alichokuwa na hakika nacho ni ile asubuhi. Wanaume wawili wenye mashati meupe walisimama mlangoni. Meupe kiasi kwamba yeye, aliyekuwa bibi afya wa mji mzima mpaka alipostaafu, alitamani kumjua aliyewafulia. Walisema Jumba linahitaji fundi wa kupiga randa milango. Mbaruku akanyoosha mkono achukue randa yake.

"Iache," mmoja alisema. "Vifaa viko kulekule."

Basi akaiacha mezani, imelala ubavu, maranda ya mwisho bado yamejikunja mdomoni mwake.

Jumba lenyewe kila mtu alilijua na hakuna aliyelifikia. Lilikaa juu ya kilima, jeupe, na kila kulipokucha lilikuwa karibu kidogo kuliko jana, kama mtu anayesogeza kiti chake bila kunyanyuka. Ilisemekana lina vyumba visivyo na idadi na halina mlango hata mmoja, ndiyo maana liliita maseremala, na baada ya maseremala waashi, na baada ya waashi wakulima, ingawa hakuna aliyeeleza wakulima wana kazi gani na milango. Walikwenda mmoja mmoja, kwa adabu, wakiaga. Milango haikuonekana. Watu hawakuonekana.

Kisha likabandikwa tangazo ukutani sokoni, mahali ilipokuwa saa. *Anayedai kuwa ana mtu ndani alete kifaa cha kazi chenye jina la mtu huyo. Jina likisomeka, mtu atatolewa. Kifaa kiwe safi.*

Lilikuwa jambo la haki, kwa hesabu za mji ule. Vitabu vya majina vilikwisha kuungua. Picha zilikuwa zimepauka kwenye fremu mpaka watu wakawa wametundika ukutani karatasi nyeupe na kuzifuta vumbi kila Ijumaa. Kilichobaki ni chuma. Na mji ule ulikuwa na desturi yake: kifaa cha kazi hakizikwi pamoja na mwenyewe wala hakitupwi. Arobaini ikiisha, mrithi hukiweka mezani, huchukua msumari na nyundo, hukata jina la marehemu kwa mstari mmoja, na chini yake hugonga jina lake mwenyewe, nukta baada ya nukta. Ubavuni mwa randa ile yalikuwamo majina matatu. Mwinjuma, babu, amekatwa. Sefu, baba, mume wa Sikudhani, amekatwa. Na Mbaruku, ambaye hakukatwa, kwa sababu alikuwa hai. Sikudhani alikuwa amesoma tangazo lile mara moja tu. Halikumsumbua. Maneno yake ya mwisho hasa yalimpa imani, ingawa hakujua kwa nini.

Akasukuma mlango wa banda.

Juu ya meza ya kazi bati lilikuwa na tundu. Alilijua tundu hilo. Nyumba nzima aliizungushia ndoo na masufuria kila mvua iliponyesha, kila tone lilipata chombo chake, isipokuwa pale. Kuisogeza randa kungekuwa kukubali kwamba Mbaruku harudi leo, na kila siku ilikuwa leo. Kwa hiyo maji yaliidondokea randa, na yeye akayasikia kutoka kitandani, na hakuamka.

Sasa alikiona alichokifanya. Kutu ilikuwa imeifunika yote, nene, ya tabaka tabaka, kama ukoko wa wali uliosahauliwa motoni. Mpini ulikuwa umevimba. Skrubu hazikuonekana zinaanzia wapi. Kisu kilikuwa kimeungana na mwili. Alipitisha kidole ubavuni na kutu ikamwagika mezani, nyekundu, laini, na chini ya kidole akahisi kitu kama uvimbe mdogo mdogo uliojipanga.

"Upo," alisema. Hakuwa mtu wa kuongea na vitu. Alilisema kama taarifa.

Kazi aliijua kwa kuitazama. Mume wa miaka thelathini hakosi kukufundisha kitu hata asipokusudia. Aliitumbukiza randa kwenye siki na kusubiri mpaka povu likapanda. Alipoitoa, skrubu zilizunguka kwa kilio. Akakitenganisha kisu na mwili, akaufunga mwili kwenye jiriwa, kile kibano cha mezani, na kuanza na brashi ya waya, mikono miwili, bila haraka na bila kusita, kwa namna alivyowahi kuwaonyesha wapishi wa shule jinsi ya kusugua sufuria.

Bi Tatu aliingia bila hodi, kigoda mkononi, akakaa mlangoni.

"Mji mzima unakusikia," alisema. "Nilidhani unamchuna mtu."

"Karibu. Usikae hapo, unanizibia mwanga."

"Mwanga wenyewe umesimama, utazibwa wapi." Hata hivyo akasogea. Mume wake, Chande, alikuwa mkulima, naye aliitwa na Jumba. "Na mimi nilipeleka jembe la Chande jana. Au juzi. Lina jina lake, kubwa, hata kuku analiona. Yule karani wa Jumba kalitazama kidogo tu. Kaniambia, mama, hili chafu."

"Si nilikwambia ulisafishe."

"Jembe, Mama Mbaruku. Jembe ni la udongo. Nilisafishe ili nilimie nini, godoro?" Akacheka peke yake. "Nimelirudisha nyuma ya mlango. Nikipita nalipapasa. Chande yupo, basi. Hayupo lakini yupo."

"Atoke ndani ya Jumba ndiyo atakuwa yupo."

"Wewe ni wewe tu. Unakumbuka ulivyonimwagia mchuzi wangu wa samaki kwenye mtaro? Mbele ya wateja. Nzi mmoja."

"Walikuwa wawili."

"Mmoja. Mwingine alikuwa anapita."

Sikudhani hakucheka, lakini brashi ilipungua kasi kidogo.

Falsafa haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa mifereji, vyoo, ndoo zenye mifuniko, kucha za watoto wa shule mstarini asubuhi, mikono mbele, geuza, rudi nyumbani ukakate. Lakini kwenye ule mwendo wa brashi, mbele na nyuma, mawazo yalimjia bila kuitwa, yamevunjika vunjika, kama mtu anayeongea chumba cha pili na mlango unafunguka na kufungwa.

Kutu inatoka wapi. Haiji na upepo. Haiji na maji, maji hayana rangi hiyo. Inatoka ndani ya chuma chenyewe. Kwa hiyo ninachokisugua si uchafu ulioingia. Ni chuma kilichochoka kuwa chuma. Basi ninamsugua nani. Sefu alisema randa isipotumika huanza kujila. Mtu je. Mtu asiyeitwa jina lake huanza kujila wapi, mguuni, kifuani. Kule ndani wanamwitaje. Labda wanamwita fundi. Labda mafundi wote wanaitwa fundi, akiitwa mmoja wanaitikia wote. Akiitika mara nyingi fundi, fundi, je, siku nikimwita Mbaruku ataitika. Nisugue. Nisiwaze, nisugue.

Na katikati ya hayo siku ya arobaini ya Sefu ikarudi, nzima nzima, mahali pake, kana kwamba ilikuwa imejificha nyuma ya mbao. Waombolezaji ndio kwanza wameondoka. Yeye yuko jikoni na masufuria makubwa ya kuazima, kichwa kinamgonga. Kutoka bandani inasikika nyundo: Mbaruku anaandika jina lake. Naye anapaza sauti kutoka jikoni, "Wewe, taratibu. Usigonge kwa nguvu, utakipasua kifaa cha marehemu. Na hii nyumba ina msiba."

"Haya, mama."

Na nyundo ikawa ndogo, ndogo sana, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya wagonjwa. Alikuwa mtoto msikivu. Mtu mzima wa miaka ishirini na sita, lakini msikivu. Sikudhani alitabasamu juu ya jiriwa. Watoto wa wengine walikuwa na midomo. Wake akiambiwa neno mara moja, limeingia.

Alipoweka brashi chini na kuchukua msasa, alihitaji kitu bapa cha kuulazia, maana tumbo la randa lisiponyooka kazi yote ni bure. Alirudi sebuleni akashusha fremu ya Mbaruku ukutani. Ndani yake ilikuwa karatasi nyeupe tu. Alichomoa kioo, akakilaza mezani, akatandika msasa juu yake, akaanza kuivuta randa juu ya kioo, mbele, nyuma, akiinyunyizia maji. Bi Tatu aliitazama fremu tupu sakafuni.

Tumbo likanyooka. Kisha ubavu mmoja, ule usioandikwa kitu. Kisha akaigeuza.

Ndipo majina yakatokea. Mwinjuma, kwa nukta nzito za mtu aliyegonga kama anaua nge. Sefu, nukta zilizopangwa kwa rula. Juu ya kila moja mstari wake. Na chini, juu ya chuma kilichoanza kuwa cheupe, kutu ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, ndani ya alama, kila nukta kahawia, kila herufi imesimama peke yake: MBARUKU. Halikupata kusomeka hivyo hata siku lilipoandikwa. Lilikuwa kama limeota kutoka ndani.

Bi Tatu alinyanyuka kwenye kigoda. "Mimi sisomi," alisema polepole, "lakini hata mimi naliona."

"Ndilo hilo."

"Basi acha hapohapo. Funga kwenye kanga, twende."

Sikudhani aliinua randa kwenye mwanga. Aliikagua alivyozoea kukagua, kuanzia kushoto kwenda kulia, akitafuta lililobaki. Na jicho lake, jicho la miaka mingi ya masufuria na mikono ya watoto, lilikwenda moja kwa moja kwenye kahawia.

"Bado ina kutu," alisema.

"Hiyo ndiyo jina lenyewe, Mama Mbaruku."

"Jina limechimbwa. Kutu ikitoka, shimo linabaki. Wewe jembe lako si lilirudishwa kwa sababu hiyohiyo?"

"Lilirudishwa, ndiyo. Lakini linalo jina."

"Na Chande yuko wapi?"

Lilikuwa neno baya na alijua ni baya kabla halijamaliza kutoka. Bi Tatu alikiokota kigoda chake. Hakuondoka. Alikiweka kule nje, jua la saa nne likimpiga usoni, akampa mgongo.

Sikudhani akakata kipande kipya cha msasa, laini kuliko vyote, akakizungushia kidoleni. *Kifaa kiwe safi.* Sasa alijua kwa nini maneno yale yalimpa imani. Yalikuwa yake. Miaka ile alipokuwa na ofisi na mhuri na kalamu nene, aliyaandika kwa mkono wake na kuyabandika kwenye kila kibanda cha chakula mjini: *Chombo kiwe safi.* Hakuna aliyepata kumuuliza kwa nini. Ni sentensi isiyo na adui. Mtu atasimama wapi aseme yeye anataka chombo kichafu? Mwenye Jumba, awaye yote, alikuwa amepita mahali, akaisoma ukutani, akaona inafaa. Au hakuna mwenye Jumba, kuna sentensi tu, zilizoandikwa na watu wema kwa ajili ya masufuria, zikapanda kilimani zenyewe zikakaa. Wazo hili lilimpitia kama baridi inavyompita mtu aliyefungua mlango na kuufunga. Akaanza kusugua.

Alisugua mpaka kahawia ikaisha.

Akapangusa. Akanoa kisu kwenye jiwe mpaka kikanyoa vinyweleo vya mkono wake. Akafunga skrubu, akapaka mafuta ya cherehani mwili mzima, na mafuta yakang'aa, na ndani ya mng'ao, chini ya Sefu, kulikuwa na kitu. Alikuwa na hakika. Alifumba macho akapitisha kidole, na kidole kikasoma, M, B, A, kila kitu mahali pake. Hakujiuliza kama kidole kinasoma chuma au kinasoma kidole. Alifagia vumbi jekundu lote sakafuni akalimwaga mtaroni, akafua matambara, akamwaga maji, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Akaifunga randa kwenye kanga safi.

"Nakwenda," alimwambia Bi Tatu mgongoni.

"Nenda, mwenzangu," Bi Tatu alijibu bila kugeuka. "Mlete tumwone."

Ofisi ilikuwa meza moja chini ya kilima, haina kuta wala paa, na mbele yake mstari wa watu wenye mafurushi. Mwanamke mmoja alikumbatia mwiko wa mwashi. Mzee mmoja alibeba sindano ya kushonea magunia katikati ya vidole viwili na hakuthubutu kukohoa. Hapa jua lilitembea. Lilitembea haraka, kivuli cha Jumba kilimfikia Sikudhani miguuni kabla hajapiga hatua kumi. Karani alikuwa kijana mwenye shati jeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimemfuata mwanangu."

Kijana alimtazama vizuri, akatabasamu, tabasamu la kweli. "Wewe si bibi afya? Ulikuwa unakuja shuleni kwetu kutukagua kucha. Ulinirudisha nyumbani mara moja." Akanyoosha mikono juu ya meza, akaigeuza. "Tazama. Tangu siku hiyo, mama, sijawahi."

Kucha zake zilikuwa kama punje za mchele.

"Vizuri," alisema Sikudhani, na akashangaa kuona kwamba amefurahi.

Akafungua kanga. Karani aliipokea randa kwa mikono miwili, akaizungusha. "Hii sasa ndiyo kazi," alisema. "Wenzako wananiletea takataka. Hii ni safi." Akachukua kitambaa mfukoni, cheupe, akapangusa mafuta ubavuni, na kusoma kwa sauti, kidole kikifuata: "Mwinjuma. Amekatwa. Sefu. Amekatwa." Kidole kikashuka. Kikaenda kulia, kikarudi kushoto. "Hapa hakuna mtu."

"Yupo. Tazama vizuri."

Karani aliigeuza ili Sikudhani naye aone. Chini ya Sefu chuma kilikuwa kimenyooka kama maji kwenye beseni. Ndani yake aliuona uso wa mwanamke, na kwa kitambo hakujua ni nani yule. Alikuwa na paji la uso la Mbaruku.

Ndipo ile nyundo ndogo ikarudi, ya siku ya arobaini. Haya, mama. Tok. Tok. Aligonga taratibu kwa sababu aliambiwa. Jina halikuingia hata unene wa karatasi. Mvua zote zile, na lile tundu la bati, na kukataa kwake kuisogeza randa, ndivyo vilivyolitokeza jina kidogo kidogo, na kutu ndiyo iliyolishika. Na yeye akaja na msasa laini kuliko wote.

Hakulia. Alifanya alichozoea kufanya kwenye ofisi za watu, aliuliza swali.

"Sefu amekatwa na nani?"

"Samahani?"

"Huo mstari. Marehemu hajikati mwenyewe. Desturi ya mji huu unaijua, umezaliwa hapa. Anayekata ni anayefuata. Mstari upo, kwa hiyo anayefuata yupo."

Karani aliufikiria kwa heshima. "Mama, mstari hauna jina. Huenda umekata wewe."

"Nipe msumari, basi, na nyundo. Niliandike sasa hivi, mbele yako."

"Unaweza. Lakini jina likiandikwa leo, mtu huyo ameanza leo. Nami nikitazama humu," akagusa daftari lisiloandikwa kitu, "hatuna mtu ndani aliyeanza leo."

"Nimemzaa mimi."

"Sijakataa kwamba umezaa." Alisema kwa upole kabisa. "Nasema hapa hapasomeki."

Nyuma yake mzee wa sindano alikohoa, na watu wote mstarini wakainama kutafuta chini.

"Nirudishie randa yangu."

"Randa safi isiyo na mtu ni ya Jumba, mama. Ndani kuna mafundi wengi na vifaa ni haba."

"Mlimwambia vifaa viko kulekule."

"Ndiyo," karani alisema, akiifunga randa kwenye kanga ya Sikudhani, pindo kwa pindo, nadhifu. "Vikishaletwa vinakuwa kulekule." Akaiweka chini ya meza. "Anayefuata."

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa limemtangulia, limekaa palepale saa nne, kana kwamba halikuwahi kuondoka. Bi Tatu alikuwa bado kwenye kigoda. Alimtazama mikono mitupu, akanyanyuka, akafungua mdomo amwite kama alivyomwita kila siku ya maisha yao.

"Karibu, Mama…"

Akangoja neno lije. Halikuja. Sikudhani aliona midomo ya jirani yake ikijaribu umbo moja, ikiliacha, ikijaribu lingine. Alitaka kumsaidia. Alifungua mdomo wake mwenyewe, na humo ndani pia palikuwa pamesuguliwa. Alijua ana mwana. Alijua uzito wake siku alipozaliwa, alijua alivyokohoa, alijua sauti ya haya, mama. Lakini lile la kumwitia lilikuwa limebaki huko nyuma, juu, mwanzoni mwa siku hii, pale alipotoka jikoni na ndoo. Aliyepita pale akisoma habari hizi, analo. Huku chini halikufika.

"Karibu, Sikudhani," alisema Bi Tatu mwishowe, akatazama pembeni, kama mtu aliyemwona mwenzake bila nguo.

Wakakaa. Kutoka kilimani ikaanza kusikika sauti ya randa. Wote wawili waliijua. Randa butu hukwaruza na kuruka. Hii ilipita kwa pumzi moja ndefu, ikainuliwa, ikapita tena. Kisu kilikuwa kimenolewa vizuri. Anayeisukuma aliisukuma taratibu, kama mtu aliyeambiwa asipige kelele. Sikudhani alisimama na kusikiliza kwa mwili mzima, akihesabu misukumo, akitafuta katika ule mwendo kitu cha mtu mmoja tu duniani. Sauti ikakoma. Zikafuata nyundo chache, bawaba, na mlio wa kitu kizito kinachoingia mahali pake.

Walipotazama juu, Jumba lilikuwa na mlango. Ulikuwa wa kwanza, umenyooka, umepigwa randa ukang'aa, na ulikuwa umefungwa.

Bi Tatu aliingia ndani kwake akachelewa sana. Alitoka na sinia ya wali na mchuzi wa samaki, beseni, na birika la maji. Kwa nyuma, kupitia mlango wake uliobaki wazi, lilionekana jembe limeegemea ukutani, limejaa udongo na kutu, na jina lake kubwa. Aliweka sinia chini, akainamisha birika.

"Nawa tule. Si umetoka huko."

Sikudhani alinyoosha mikono, akaigeuza kama alivyowaamuru watoto wa shule. Ilikuwa safi. Ilinuka sabuni. Lakini kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kile kilichofungwa msasa, ndani kabisa, pale kucha inapoingia kwenye nyama na sabuni haifiki, palikuwa na mstari mwembamba wa kahawia.

Maji yalikwisha kuanza kutoka mdomoni mwa birika. Akaurudisha mkono haraka, akaufumba kifuani, na maji yakamwagika kwenye mchanga.

"Nawa," Bi Tatu alisema.

"Sinawi."

"Wewe?"

"Sinawi, Bi Tatu. Tia wali."

Akala kwa mkono wa kushoto.